Kanuni ya Kuacha Nje

Erupe alitoweka Jumanne. Saa tisa alasiri alimpigia Nabei, mpelelezi mwenzake, simu kutoka Nadapal, mpakani.

"Nimewapiga picha wale wa magendo, dada. Lori, namba, bunduki, kila kitu. Nimezituma ofisini."

Hakupiga tena. Alhamisi mwili wake uliokotwa kwenye laga, mto uliokauka.

Ijumaa Nabei hakupata nafasi ya kulia. Land Cruiser yake ilikuwa inaikata barabara ya Kakuma, na Hilux nyeupe ilikuwa nyuma tangu Lodwar.

Thuraya, simu yake ya setilaiti, ililia. Jerusha, mkuu wake.

"Lori linatoka Kakuma saa tano. Bila namba, tutasimamisha lipi?"

"Kompyuta ya Lodwar?"

"Imefutwa yote. Imebaki bakapu, nakala ya akiba, ya Kakuma. Usimpigie Mou, laini za ofisi zina masikio. Nenda mwenyewe."

Risasi ilipasua kioo cha nyuma.

Nabei alikanyaga breki. Hilux ikampita ikiyumba. Akatoa Glock, akalenga gurudumu.

Moja. Mbili.

Hilux ililala mtaroni, matairi juu. Nabei hakusimama.

Saa nne na dakika arobaini alifika ofisi ya Kakuma.

"Ejok, dada," alimsalimu Mou kwa Kiturkana, mzee wa Bor aliyeitunza kompyuta ya Kakuma miaka tisa.

"Ejok. Fungua bakapu, haraka."

Mou alisoma kanuni za kunakili kwenye kioo cha kompyuta, uso ukimbadilika. "Kanuni ya kwanza: chukua kila kitu kilichomo kwenye folda ya Ripoti. Hii ya pili imeongezwa Jumanne, saa tisa na nusu: acha nje chochote chenye jina Erupe. Na ya kuacha nje ndiyo hushinda."

"Nani kaiweka?"

"Ereng."

Ereng, fundi wa Lodwar. Mturkana wa kuzaliwa Nairobi.

Nabei alifumba macho. Akamwona Erupe kwenye ngoma ya edonga, mikono juu kama pembe, akiruka na kumwimbia maksai wake. Rika lake halikumwita Erupe hata siku moja.

"Tafuta Apalongor."

"Ndiyo nini?"

"Ni yeye. Jina la maksai wake."

Mou aliandika. Folda moja. Picha arobaini na mbili.

"Ereng hakulijua?"

"Angelijulia wapi? Huyo ng'ombe anamjua kwa supu tu!"

Nabei alikuwa tayari kwenye redio.

"Fuso ya bluu. Mahindi juu, bunduki chini. Andika namba. Na mkamateni Ereng, ndiye aliyezificha picha."

Dakika nne. Sita.

"Tumelisimamisha," alisema Jerusha. "Bunduki mia mbili. Na Ereng yuko hapa Lodwar na pingu, anaomba maji."

"Mpe."

Alimwambia Mou aifute ile kanuni, akangoja mpaka ilipofutika. Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akatoka juani bila haraka.

Erupe anazikwa kesho, Kanamkemer. Ripoti za Nadapal sasa anaziandika Nabei.