Jina Langu kwenye Makala ya Dumuzi

"Hongera, shoga! Kumbe na wewe umehamia kwa wadudu?"

Bibie wa Maziwa aliinua uso kutoka kwenye chupa zake za sampuli. Mlangoni alisimama mwenzake wa ofisi, yule ambaye kitivo kizima kilimwita Redio kwa sababu habari haikulala kwake.

"Wadudu gani tena?"

"Usijifanye. Makala ya mchumba wako ya dumuzi wa mahindi imekubaliwa, iko kwenye tovuti ya jarida. Jina lako ni la pili. Na usaili wa kupanda cheo ni Jumatatu! Mambo yako yamenyooka."

Bibie alikuwa mhadhiri msaidizi, na kazi yake yote ilikuwa maziwa ya mbuzi. Alikuwa amebakiza makala moja tu apande kuwa mhadhiri kamili. Redio alimsogezea simu. Jina lake lilikuwepo kweli, na chini yake barua pepe ambayo hakuwahi kuiona maishani.

Alinawa mikono, akapiga simu.

"Umeiona?" Mchumba wake alicheka hata kabla ya salamu. Wanafunzi walimbandika jina la Dumuzi kwa sababu ya utafiti wake, naye akalizoea. "Nilitaka nikwambie mwenyewe Jumapili, mbele ya mama. Redio kaniharibia!"

"Uko wapi?"

"Ghalani."

Ghala la utafiti lilikuwa nyuma ya maabara, limejaa magunia na harufu ya mahindi makavu. Dumuzi alikuwa ameshika chekeche, nyusi zake nyeupe kwa unga.

"Ile barua pepe ni ya nani?"

"Yako. Nilikufungulia ili isikufikie habari mapema. Zawadi haitangazwi."

"Na ile fomu ambayo kila mwandishi anathibitisha kwamba ameshiriki na ameisoma makala?"

Dumuzi alikuna kichwa. "Nilikujazia."

"Ulinijazia."

"Mpenzi, si ulikuja hapa Jumamosi ile ukachekecha na mimi mpaka kope zikajaa unga? Umeshiriki!"

"Nilikuja kukuona wewe. Jopo likiniuliza mlipimaje nafaka iliyoliwa, nijibu nini? Kwamba mchumba wangu ananipenda?"

"Kila mtu anafanya hivi. Mkuu wetu wa kitengo ana makala ambazo hata hajui zinahusu nini."

"Basi kamwoe mkuu wa kitengo."

Dumuzi alitaka kucheka, akamtazama usoni, akaacha. Aliweka chekeche chini.

"Nimekuona ukihangaika na wale mbuzi miaka yote hii," alisema taratibu. "Nilitaka ufike. Nilitaka na majina yetu yakae pamoja mahali."

Maneno hayo yalimwingia Bibie, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mtu akikukosea kwa ubaya unajua pa kumweka. Huyu alikosea kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe Bibie aliyataka bado.

"Najua unanipenda. Lakini umesema ndiyo kwa mdomo wangu, mimi mwenyewe sipo. Leo umenikubalia makala. Kesho utanikubalia nini? Sitaki kuolewa na mtu anayenijibia."

"Kwa hiyo unataka nini?"

"Umwandikie mhariri. Useme wewe, kabla hajagundua."

"Ataisimamisha makala! Na wewe Jumatatu utakosa cheo."

"Nitakosa."

"Bibie..."

"Jumapili kwa mama sikuoni kama hujaandika." Aliigeuza pete kidoleni, hakuivua, akatoka.

Siku zikapita. Ijumaa mama yake Dumuzi akapiga simu.

"Mwanangu, huyu kijana hali, halali, kazi kushikashika simu. Mmegombania nini?"

"Wadudu, mama."

"Wadudu?"

"Wa kazini."

"Sasa wadudu nao watu wazima wanagombania? Wapigeni dawa mje Jumapili mle, nimeshanunua kuku."

Bibie alicheka, kisha akajikuta anafuta machozi. Aliogopa. Angeweza kukikosa cheo akaishi. Akimkosa Dumuzi, hakujua angeishi vipi.

Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia:

"Nimemwandikia Profesa Mhariri. Nimesema yote, hata ile barua pepe. Sijajitetea."

Hajamaliza kuusoma mara ya pili, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima, isiyo na haraka.

"Binti, mimi ni mhariri wa jarida. Nimeandikiwa na bwana mmoja anayesema alitumia jina lako bila ruhusa. Nataka nisikie kwako. Ulijua?"

"Sikujua, Profesa."

"Ulifanya nini kwenye utafiti huo?"

"Nilichekecha mahindi. Siku moja."

"Hiyo ni kazi ya kushukuriwa, mwanangu, haimfanyi mtu mwandishi. Na hata kumshukuru mtu kwenye makala, anaombwa kwanza. Sasa naisimamisha, na chuo chenu nitakiarifu. Data ikikaguliwa ikawa safi, ataileta upya na waandishi halali."

"Nimeelewa."

"Wanaoniandikia baada ya kukamatwa ni wengi. Huyu kaandika kabla. Hilo nalo nitawaambia."

Jumapili kuku aliliwa. Waliketi pande mbili za meza, ila Dumuzi alimsogezea paja bila kuombwa, na mama akajifanya haoni.

Jumatatu mwenyekiti wa jopo alivua miwani. "Tumeona una makala ya dumuzi."

"Si yangu. Jarida limeshaarifiwa."

"Bila hiyo umepungukiwa, unafahamu?"

"Nafahamu."

Nje, Dumuzi alikuwa amesimama na barua ya onyo ya chuo mkononi.

"Wamekunyima?"

"Wamesema nirudi nikiwa na makala yangu."

"Nisamehe. Nilidhani nakuinua, kumbe nakupanda kichwani."

"Nimekusamehe. Ila ukinifanyia tena, hao dumuzi watakuwa ndio ndugu zako waliobaki."

Mwaka uliofuata maziwa ya mbuzi yalitoka jaridani, jina la kwanza likiwa lake. Cheo kikafuata. Na siku moja akiwa maabara, ujumbe ukaingia:

"Makala yangu imepita ukaguzi. Naomba ruhusa kukushukuru mwishoni kwa kuchekecha mahindi. Ndiyo au hapana?"

Alimsubirisha mpaka baada ya chakula cha mchana. "Ndiyo," akajibu.

Kwa msajili wa ndoa foleni ilikuwa ndefu. Karani aliyechoka alimsukumia Dumuzi karatasi zote mbili.

"Bwana harusi, jaza yako, na ya mwenzako mjazie hapohapo, twende haraka."

Dumuzi alichukua moja. Nyingine akamsogezea Bibie, pamoja na kalamu.

"Yake anajaza mwenyewe," alisema.

Bibie akaanza kusoma, kuanzia mstari wa juu kabisa. Nyuma watu wakaguna. Mama akainama sikioni mwake.

"Mwanangu, kwani na humo mna wadudu?"

"Naangalia, mama."

Alifika mstari wa mwisho, akamtazama Dumuzi.

Akasaini.