Kitunguu Saumu Kwenye Jicho la Samaki

Mama alikuwa hali chakula. Sisemi alikuwa anadonoadonoa, nasema hali kabisa. Tangu tumzike mdogo wangu, kitindamimba wetu, mama aliishi kwa chai ya rangi na ubishi. Mwanamke aliyetulea sisi wawili kwa karai la kukaangia samaki akawa hataki hata kunusa mafuta. Alikonda mpaka nguo zake zikawa kama za kuazima. Nikajisemea, huyu nisipomtoa humu ndani nitazika wa pili, na mimi wa pili sina nguvu za kumzika.

Ndiyo maana Jumamosi ile, alasiri, nilimfunga kilemba kwa mikono yangu nikamkokota mpaka kile kitongoji cha ufukweni ambako watu wa mjini huenda kupumzika. Pazuri, sitaki kusema uongo. Kuna bustani yenye nyasi zilizonyolewa, mabembea ya watoto, na njia ya vigae inayokupeleka hadi mchangani. Pembeni ya ufuko hoteli za samaki zimepangana, kila moja na taa zake za rangi na mtu wake wa kukuvuta mkono uingie.

"Mkaanga samaki anakwenda kukaangiwa samaki," mama alinung'unika. "Kweli dunia imekwisha."

"Leo na wewe ukae, uletewe, halafu ulalamike kama wateja wako."

Akacheka. Jamani, alicheka! Nusura nimkumbatie mbele za watu.

Tulikaa kwenye benchi la bustani tukiangalia watoto wakibembea mpaka jua likazama. Njaa ikaniuma, nikamnyanyua tutafute pa kula. Mama alizipita hoteli zote zenye muziki. Akachagua ya mwisho kabisa, pale ufuko unapokatwa na mawe. Haikuwa na mvuta watu wala redio. Tuliwakuta wateja wachache, wanakula kimyakimya.

Mwenye hoteli alitupokea mwenyewe. Shati jeupe la mikono mirefu, vifungo mpaka kooni, na joto lote lile. Sauti yake ilikuwa ya upole. Lakini alipoinama kunivutia kiti nikasikia harufu... ya nguo iliyolowekwa ikasahauliwa kwenye ndoo.

"Karibuni," alisema. "Mama, pole kwa msiba."

Nilishtuka. Hatukuwa tumevaa chochote cha matanga. Nikajituliza, labda huzuni ya mama inaonekana usoni, maana wenye hoteli wamezoea kusoma watu. Mama hakusikia, alikuwa anachungulia kichupa cha chumvi juu ya meza kama kina unyevu. Kazi ikishaingia kwenye damu haitoki.

Tukaagiza changu mmoja mkubwa. Tukangoja. Nyuma ya ukuta, jikoni, mtu alikuwa anaparua magamba.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Sahani ikaja. Mama akaitazama. Na mimi nikaitazama.

Hapa lazima niwaeleze kitu, la sivyo mtaniona mwehu. Kwetu samaki hapasuliwi tumboni. Mama alitufundisha kumpasua mgongoni, kisu kikitokea mkiani. Hilo wengine nao huenda wanalifanya. Ila mdogo wangu alikuwa na lake. Tangu utotoni aliogopa macho ya samaki. Alikuwa akisema, "Dada, ananiangalia." Basi alipoanza kazi alikuwa akiyatoa macho yote mawili, na kwenye kila tundu anabana punje ya kitunguu saumu. Sokoni walimcheka mpaka wakachoka. Sijawahi kumwona mwingine akifanya hivyo, si sokoni, si popote.

Changu aliyekuwa mbele yetu alipasuliwa mgongoni. Hakuwa na macho. Kwenye matundu kulikuwa na kitunguu saumu.

Mama alimega kipande akaweka mdomoni. Alitafuna taratibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitafuna tangu msiba, na badala ya kufurahi mimi nilikuwa natazama yale matundu ya macho.

"Hana chumvi," alisema. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyu kakaangwa na mwanangu."

"Mama, usianze. Tafadhali."

"Mikono naijua. Niliifundisha mimi."

Akanyanyuka. Nikamfuata nikimvuta nguo, lakini mama akishakata shauri hata trekta halimrudishi. Mwenye hoteli alikuwa amesimama kando ya mlango wa jiko. Nilidhani atatuzuia. Akaufungua.

"Piteni," alisema. "Jiko letu halina siri."

Ndani kulikuwa na wanawake wanne wametupa mgongo, wamejipanga kwenye meza ndefu, aproni zimewakaa sawasawa. Moto ulikuwa unawaka, mafuta yanachemka. Hakuna aliyekuwa anaongea. Nyie, mmewahi kuona jiko la wanawake wanne lisilo na maneno? Kwetu sokoni hata nzi akipita atasengenywa. Hawa, kimya. Sakafuni, karibu na miguu yao, palikuwa na beseni la pumba kavu. Pumba tupu, ya kuku. Na kwenye ile pumba kulikuwa na alama za vidole, kama mtu alikuwa anachota kula.

Wa tatu nilimjua kwa kisogo.

Siku ya kumzika mdogo wangu nilimsuka mimi. Mikono ilikuwa inanitetemeka, mistari ikaenda upande, na karibu na sikio nikakosea kabisa. Shangazi aliniambia niache tu, anakokwenda hakuna kioo. Sasa ile mistari ilikuwa mbele yangu, imepinda vilevile, imekosewa palepale. Miezi yote ile, nywele hazikuwa zimeota hata kidogo.

Mama naye alishamwona.

"Mwanangu," mama aliita. "Mwanangu, ni mimi."

Kwaru... kwaru...

Kisu kikasimama.

Akageuka. Alikuwa yeye. Uso wake, mdomo wake, kidevu chake. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuangalia, yalipita juu ya mabega yetu yakaenda ukutani. Akachukua kisu kingine mezani akakisogeza kwa mama, mpini mbele, kama tunavyopeana nyumbani.

Sisi wakaanga samaki tuna adabu yetu. Humkuti mwenzio yuko kazini ukasimama unapiga soga mikono inaning'inia. Uwe umeleta habari ya harusi, uwe umekuja kutoa pole, uwe umekuja kugombana, kwanza unashika kisu, unaparua samaki mmoja, ndipo unafungua mdomo. Kumsimamia mtu kichwani ni tusi. Mama alitutia hilo akilini kwa makofi.

Nilimwona ananyoosha mkono.

"Mama, usishike!"

Sijui hata nilijuaje. Lilinitoka tu.

Akashika.

Kwaru.

Aliparua yule samaki mmoja huku anaongea na mwanawe. Anakula? Analala wapi? Mbona mikono imekuwa ya baridi hivi? Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye magamba. Mdogo wangu hakujibu, alisimama tu kando yake, kisu kwa kisu. Samaki alipokwisha, mtu aliongea nyuma ya shingo yangu. Ile harufu ya ndoo ilifika kabla ya maneno.

"Mikono mizuri," mwenye hoteli alinong'ona. "Inatosha kwa leo, mama. Nenda kapumzike."

Na mama akaweka kisu chini. Hapo ndipo nilipoogopa kikwelikweli, kwa sababu mama yangu hajawahi kumtii mtu, hata marehemu baba alishindwa. Nikamdaka mkono mmoja, na mkono wangu wa pili nikamkamata mdogo wangu kifundo cha mkono. Nilitaka kuondoka na wote. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, nikavuta mpaka kiuno kikalia. Ngozi yake ilikuwa na unyevunyevu. Hakusogea hata kidole.

"Na wewe, dada," mwenye hoteli aliuliza taratibu, "unajua kuparua?"

Mezani mbele yangu kulikuwa na kisu. Mpini umenielekea.

Nilimwachia mdogo wangu. Mungu ananiona, nilimwachia. Nikambeba mama mzegamzega, nikatoka naye mbio mpaka bustanini. Kule watoto walikuwa bado wanabembea na watu wanakula aiskrimu, hakuna aliyetutazama mara mbili.

Kwenye teksi mama alikuwa anatabasamu.

"Kaniambia anasikia baridi usiku," alisema.

"Mama, hakusema neno. Nilikuwepo."

"Wewe hukusikia."

Tulipofika nyumbani aliomba chakula. Chakula! Nikapika haraka, na mimi mjinga nikaanza kufurahi. Alinikataza nisitie chumvi. Alikula akamaliza, akaomba tena, akamaliza, akaenda kulala bila hata kulalamikia godoro.

Asubuhi shangazi alikuja, nikamsimulia yote mlangoni. Shangazi yangu ni mtu wa maneno mengi, lakini safari hii alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alishika kisu?" aliuliza.

"Alishika."

"Cha kwao?"

"Cha kwao, shangazi."

Alikaa chini palepale kizingitini. Kisha tukaingia pamoja kumwamsha mama.

Alikuwa wa baridi.

Kwenye kucha zake kulikuwa na magamba. Na jana yake kabla hajala alinawa kwa sabuni, nilimmiminia maji mwenyewe.

Majirani walilia, wakasema amemfuata mwanawe, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikulia. Wakati wa kumwosha nilikuwa namnyanyua mkono, naushusha, namnyanyua mguu, naushusha. Nilisikia zamani kwamba wachawi wakimchukua mtu msukule wanakuachia gogo la mgomba umzike, na wewe unaliona mtu. Nilitaka kujua mgomba una uzito gani. Shangazi aliniona. Akanishika kiganja, akaninong'oneza, "Usipime." Basi nikaacha, tukazika tulichokuwa nacho.

Mtaniuliza, polisi je? Ningewaambia nini, kwamba samaki hakuwa na macho? Niliwachukua shemeji zangu wawili tukaenda mchana. Tukakuta hoteli ya kawaida. Mpishi ni mwanamume mnene anayeimba na redio, jikoni kuna chumvi gunia zima, na beseni lina vitunguu. Mwenye shati jeupe hawamjui. Wale shemeji walinirudisha nyumbani wakiongea nami taratibu, kama mtu anavyoongea na mgonjwa. Siwalaumu, hata mimi ningefanya hivyo.

Kwa hiyo nikaenda peke yangu, jua likizama.

Redio ilikuwa imezimwa. Alinivutia kiti mwenyewe, vifungo mpaka kooni. Sikuagiza kitu. Sahani ililetwa.

Nilipokuwa mdogo niliwahi kukwamwa na mwiba wa samaki karibu nife. Tangu siku hiyo, mpaka nilipoolewa, mama hakuwahi kunipa samaki mwenye miiba. Alikuwa anaitoa mmoja mmoja kwa kucha, anairundika pembeni ya sahani ili nione mwenyewe imetoka, nisiogope kumeza. Nilimwambia mara nyingi, mama, nimekua. Hasikii.

Samaki wangu hakuwa na mwiba hata mmoja. Yote ilikuwa pembeni ya sahani, imerundikwa.

Nililia kilio ambacho sikulia makaburini. Kisha nikala, nikamaliza, nikaramba na vidole.

"Utapenda kuwashukuru wapishi?" mwenye hoteli aliniinamia. "Mlango uko wazi."

Nyuma ya ukuta visu viwili vilikuwa vinakwenda pamoja. Kwaru... kwaru... Halafu kimoja kikasimama, kama anayengoja mwenzie achukue cha kwake.

Nikaikalia mikono yangu. Niliikalia mpaka ikafa ganzi na wateja wote wakaondoka, ndipo nikaweza kunyanyuka bila kugeuka nyuma.

Jumamosi hii nakwenda tena. Shangazi amelia, amenipigia magoti, mtu mzima kama yule. Alipoona sisikii akaniambia basi angalau nimwache anifunge mikono kwa kamba kabla sijatoka, na fundo atalifunga yeye mwenyewe.

Nikamwambia afunge tu akipenda. Lakini hakuna fundo lililowahi kumshinda mama yangu.