Kilichonyonywa kwa Mpira

Kigari kilinuka kama kinywa cha mtu aliyelala na njaa. Spana, fundi wa vigari vya uwanja wa gofu, aliisikia harufu hiyo mara tu alipoinua kiti kutazama injini, akageuka akidhani kuna mtu amempumulia shingoni. Hakukuwa na mtu. Karakana ilikuwa wazi, jua la asubuhi likiingia mpaka kwenye makopo ya rangi.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Kigari kinawaka, kinakwenda vizuri kwenye tambarare, kikianza kupanda kilima kinakohoa, kinazima. Hapo mafuta hayafiki. Akabadilisha chujio. Akajaribu pampu, inasukuma. Basi akafungua kabureta, na alipolegeza bakuli lake la chini, badala ya petroli ukachuruzika uteute wa kijivu, ukamning'inia vidoleni kama makamasi.

"Aka!" Akaukung'uta.

Petroli iliyokaa muda mrefu huganda ikawa kama gundi, hilo alilijua. Lakini gundi haina joto la mwili.

Akazibua tundu za kabureta kwa waya mwembamba, akapuliza, akafunga. Kigari kikaenda, kikakohoa, kikazima. Kufungua tena, bakuli limejaa uteute uleule.

"Uchafu uko kwenye tangi," alijiambia. Akatumbukiza mpira tangini na kuanza kunyonya. Kazi hiyo aliifanya miaka nenda miaka rudi, na siku zote aliutoa mpira mdomoni kabla mafuta hayajafika. Safari hii kitu hakikungoja avute. Kilipanda mbio chenyewe, kikamjaa mdomoni, vuguvugu, kizito, kina ladha ya jino bovu, na kabla hajatema kikajisukuma kooni kikashuka.

Alitapika mate matupu, akaenda nyumbani, mpira ungali mkononi.

Mkewe, mshonaji, alimwandalia chakula cha mchana. Hakukigusa. Baadaye akamkuta jikoni ameinamia jiko la mafuta ya taa, ameling'oa tangi, anakunywa.

"Baba watoto! Una wazimu?"

"Si mimi," alinong'ona. "Kinataka chenyewe."

"Nini kinataka?"

Akafumbua kinywa. Mke akachungulia, na kule nyuma ya ulimi akaona kitu cha kijivu, chenye utando kama wa maziwa yaliyochacha, kikipanda na kushuka, kikivuta pumzi wakati mumewe amezibana zake, na kila kilipopanda kilisukuma kwenye pembe za midomo povu lenye harufu ya nyama iliyosahaulika juani, mpaka mke akakimbilia uani.

Akamwita shangazi yake Spana, aliyezoea kuwatibu wenye majini. Shangazi aliziba pua kwa mtandio tangu mlangoni.

"Wewe uliyemo humo," alisema, "umemfuata kwa lipi?"

Sauti iligugumia kooni kwa Spana, midomo yake haikutikisika. "Sikumfuata. Nilikuwa nimetulia tangini. Kanivuta mwenyewe. Na hapa pazuri, pana joto."

Spana akaanza kukohoa kama kile kigari kilimani. Kucha zikageuka rangi.

"Kinampandia mapafuni," shangazi alimwambia mke. "Kimeingia kwa kuvutwa, na kitatoka kwa kuvutwa. Mimi kifua changu kimeisha, mwanangu. Ni wewe utakayevuta."

"Shangazi, siwezi! Kinyaa kitaniua."

"Kinyaa hakijawahi kuua mtu. Hicho kinaua."

Mke akapiga magoti. Akapitisha mpira kati ya meno ya mumewe, akausukuma kooni ukiteleza kwenye ute, akaweka ndoo chini, akafumba macho, akavuta, na kitu kikaja kikinguruma ndani ya mpira, akausikia ukitutumka kiganjani mwake kama utumbo wa mnyama aliye hai, akautoa mdomoni mwake akauelekeza chini, nacho kikamwagika chenyewe, mabonge kwa mabonge, kikipiga kelele kila bonge lilipogota ndoo, mpaka Spana akavuta hewa kwa kishindo, akaanguka ubavu.

Shangazi alikichoma uani palepale. Kilinuka nywele. Majivu akayafukia, akaondoka bila kunawa, maana hata maji ya nyumba ile aliyaona machafu.

Spana aliamka jua likielekea kuzama, tumbo linamwuma kwa njaa halisi ya mtu. Alimkuta mkewe kwenye cherehani, amempa mgongo, anashona.

"Mke wangu, umeniokoa. Kimeteketea chote?"

"Cha kwenye ndoo kimeteketea."

Akasimama. Alitaka kumshika bega, mkono ukasita.

"Mama watoto... ulimeza?"

Gurudumu la cherehani likasimama. Mkewe hakugeuka. Taratibu aliweka kiganja juu ya tumbo, kama mama anayembembeleza mtoto.

"Kidogo tu," alinong'ona. "Punguza sauti. Ndiyo kwanza kimelala."