Yowe la Babu Ryoba

Kila asubuhi Ghati alimnawisha babu yake uso, akampa uji, kisha akamketisha karibu na zizi. Babu Ryoba alikuwa mfugaji aliyeheshimika kijijini Susuni. Sasa alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Siku nyingine alimwita Ghati kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekwisha kufa.

"Watu wakiuliza, sema babu ana malaria," baba yake, Wangwe, alimwagiza. Aliogopa mzee asije akaitwa kichaa.

Jumamosi moja, Wangwe akiwa shambani, mchungaji mpya aitwaye Emanueli alifungua zizi apeleke ng'ombe kuogeshwa kwenye josho. Babu hakumtambua. Akapiga yowe la wizi wa mifugo.

Yowe hilo halipuuzwi. Wanaume walifika mbio na fimbo na mapanga.

"Mwizi yuko wapi, mzee?" aliuliza Kisyeri, jirani yao.

"Yule pale! Anaswaga ng'ombe wangu!"

Ghati alijua ukweli. Lakini kumkanusha babu mbele za watu kungefichua siri ya baba. Akanyamaza. Fimbo ya Kisyeri ikatua kichwani mwa Emanueli, naye akaanguka.

"Mwacheni! Ni mchungaji wetu!" Ghati akapiga kelele. "Babu hana malaria. Anasahau!"

Katika zahanati, muuguzi Lusekelo alimshona Emanueli jeraha. Jioni Wangwe alirudi na kufuli.

"Kuanzia kesho mzee atashinda ndani."

"Baba, kosa la babu ni lipi?" Ghati aliuliza huku akilia. "Aliyedanganya watu ni mimi."

Wangwe aliweka kufuli chini. "Mimi ndiye niliyekutuma," alisema.

Kesho yake aliwaita majirani na muuguzi, akawaeleza yote.

"Ungetuambia mapema, nisingempiga mtoto wa watu," alisema Kisyeri kwa uchungu. "Basi mchana nitakaa naye mimi. Akirudia hadithi zake, nitacheka upya." Wote wakaahidi kwamba wakisikia yowe lake, watawauliza kwanza watu wa nyumbani kwake.

Emanueli alirudi kwao Nyansurura, wala hakutaka tena kuchunga. Babu hakukumbuka lolote.

"Ugonjwa wa mzee hautapona, Ghati," muuguzi Lusekelo alimwambia. "Utazidi. Lakini kumficha mgonjwa si kumheshimu. Majirani wakijua hali yake, watamlinda. Wasipojua, hata sauti yake inaweza kuua mtu."

"Nimeelewa, dada," alijibu Ghati, akaenda kumshika babu mkono.