Stika Aliyoikwangua Mama Rozi

Kila asubuhi Ruti, ambaye wateja walimwita Mama Rozi, alifungua steshenari yake pale Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, kabla malori hayajaanza kupigiana honi. Alifagia mbele ya mlango. Alifuta vumbi kwenye printa. Kisha aliwasha kompyuta yake mpakato, na kazi zikaanza.

Dereva kutoka Zambia aliingia na salamu yake ya Kibemba, "Mulishani, mayo?" akataka nakala ya pasi yake ya kusafiria. Mwalimu alileta mtihani wa kuchapa. Lakini kazi aliyoipenda Ruti kuliko zote ni picha za pasipoti. Alikuwa na kitambaa cha bluu ukutani na stuli mbele yake. "Kaa wima. Inua kidevu. Usicheke," aliwaambia watu, nao walicheka hivyo hivyo.

Kwa miaka sita hakufuta picha hata moja. Alikuwa na sababu. Wateja wake wengi, hasa wazee wa vijijini, hawakuwa watu wa kujipiga picha ovyo. Walipiga walipotaka kitambulisho, basi. Mtu akifariki, familia ilikuja mbio. "Mama Rozi, ile ya baba unayo?" Ruti aliitafuta, akaikuza, akaichapa, nayo ikawekwa mbele ya jeneza. Kompyuta ile ilibeba nyuso za watu wa Mpemba, na nyingine za vijiji vya Ihanda na Ruanda. Wengine walikuwa wameshazikwa.

Jumatatu moja aliingia bibi aliyeitwa Marita, kutoka Ihanda. Mumewe, Mzee Emanueli, alikuwa amefariki mwaka uliopita.

"Mwanangu, Jumamosi tunaweka msalaba kaburini, na picha yake inatakiwa," alisema. "Mzee alipiga picha hapa kwako, alipotaka kitambulisho cha ushirika wa kahawa. Nyumbani hatuna nyingine. Hata moja."

"Ipo, mama. Njoo Ijumaa uichukue."

Ruti alijibu kwa kujiamini kabisa. Marita alipotoka tu, kioo cha kompyuta kikafunikwa na tangazo la Kiingereza. Ruti alilisoma polepole, neno kwa neno. Alichoelewa ni kwamba Windows 10, ule mfumo unaoiendesha kompyuta yake, umefikia mwisho.

Mwisho? Mwisho wa nini? Alimwita Deus.

Deus alikuwa fundi wa simu, na kibanda chake kilikuwa hapo jirani. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ni moja: alijua dawa moja, na kila mgonjwa alimnywesha hiyo hiyo.

"Aah, hii imeisha, Mama Rozi," alisema. "Muda wowote itajifunga. Inatakiwa Windows mpya, na Windows mpya ina leseni yake." Aliigeuza kompyuta akaangalia chini. "Stika iko wapi?"

"Stika gani?"

"Ya leseni! Inakaa hapa. Mbona pamekwanguliwa?"

Ruti alijua ni nani aliyepakwangua. Miaka sita nyuma aliinunua kompyuta hiyo dukani Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Kabla ya kuvuka, alifanya walichofanya wenzake wote waliokwenda naye. Alitupa boksi. Alichukua wembe na mafuta ya taa, akakwangua kila stika ili kitu kionekane cha zamani, kisitozwe ushuru mpakani. Hakuna aliyemfundisha. Ukiishi Tunduma, wembe huo unaujua kama unavyoujua mwiko wa ugali.

"Umekwangua leseni kwa mkono wako mwenyewe," alisema Deus. "Basi imekufa. Niachie mpaka kesho. Ninayo Windows kwenye flashi, haiulizi leseni. Nafuta kila kitu, naweka mpya."

"Unafuta kila kitu? Na picha zangu?"

"Picha zitaenda. Utapiga nyingine."

Atampigaje nyingine Mzee Emanueli? Ruti alikaa kwenye stuli ya wateja. Na bado, amini usiamini, mkono wake ulikuwa unaanza kuchomoa waya ili ampe Deus ile kompyuta. Woga humfanya mtu atoe hata asichotaka kutoa.

Wakati huo aliingia Yahaya, mwenye malori, akiwa na karatasi za kutoa nakala. Ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Aliiona flashi mkononi mwa Deus.

"Flashi hiyo naijua," alisema. "Si ndiyo uliyoniwekea mimi?"

"Ilifanya kazi, bosi."

"Ilifanya kazi wiki mbili. Wiki ya tatu wezi wa mtandaoni wakaingia, wakafunga mafaili yangu yote. Mpaka leo sijayaona." Alimgeukia Ruti. "Mama Rozi, usitoe mashine yako. Yupo Mwalimu Mwanaisha, anafundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi. Nitampigia simu."

Lakini Mwanaisha alikuwa na wanafunzi wa mitihani. Alisema atakuja Jumatano. Siku hizo mbili zilikuwa ndefu. Ruti aliizima kompyuta, akaifunga kwenye kitenge, akaipeleka nyumbani na kuificha nyuma ya magunia ya mahindi. Alidhani isipoona mtandao haitafungwa. Chakula alikisukuma kando. Binti yake Rozi alimwuliza kama kuna msiba.

Jumatano mchana Mwanaisha alifika dukani. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye asili ya Tanga, mpole wa maneno. Aliitazama kompyuta ikifunguliwa kutoka kwenye kitenge, imejaa pumba za mahindi, akajizuia kucheka.

"Pole, dada. Kwanza nikutoe hofu. Haitajifunga."

"Haitajifunga?"

"Hapana. Itaendelea kuwaka hata mwakani. Kilichoisha ni ulinzi. Waliotengeneza Windows 10 walikuwa wanaziba matundu kila yanapoonekana. Sasa wameacha. Ni kama mlango wenye komeo bovu. Nyumba ipo, unalala ndani, lakini mwizi akilijua lile komeo, anaingia. Kwa hiyo usikae hivyo. Inafaa tuipandishe iwe Windows 11."

"Leseni sina, mwalimu." Sauti ya Ruti ilikatika. "Niliikwangua mwenyewe."

Alieleza yote, Nakonde, wembe, mafuta ya taa. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona mbele ya mtu.

Mwanaisha aliwasha kompyuta. Alifungua mipangilio, pale penye alama ya gurudumu la meno. Akaingia sehemu inayoonyesha hali ya leseni.

"Soma hapa."

Ruti alisoma. Kompyuta ilikuwa inasema kwamba Windows yake ni halali, na ina leseni ya kidijitali.

"Kompyuta za zamani sana namba ya leseni ilikuwa kwenye stika," alieleza Mwanaisha. "Ungeikwangua ya namna hiyo bila kuiandika popote, ungekuwa na kazi. Hizi za miaka ya karibuni, kwa kawaida kiwanda huiandika namba ndani ya ubao wa mashine. Wembe haufiki huko."

Ruti alishusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu Jumatatu. "Kwa hiyo ninunue mpya?"

"Ununue ya nini? Leseni ya zamani inatosha. Windows 11 inaipokea, mradi toleo liwe lile lile. Kama unayo ya nyumbani, wanayoiita Home, unapanda ya nyumbani. Na mashine yenyewe iwe na uwezo. Ngoja tuiulize." Alifungua sehemu ya masasisho. "Unaona? Inasema inaweza."

"Ingekataa?"

"Tusingeilazimisha. Zipo njia nyingine halali, tungezitafuta. Ila flashi ya barabarani si njia. Na wewe, dada, siku nyingine ukinunua kitu Nakonde, kipitishe forodhani ukitangaze. Wembe unakwangua hadi waranti ya dukani."

Ruti alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alitaka waanze hapo hapo. Mwanaisha alikataa.

"Hatugusi kitu mpaka picha ziwe mahali pawili. Kununua diski ya nje hakukwepeki."

Ruti alinunua diski, ndogo kama kipande cha sabuni. Walinakili picha zote. Ilichukua mpaka jioni. Kisha Mwanaisha alichomeka diski ile kwenye kompyuta yake mwenyewe. "Nakala usiyoifungua ni ya kudhani tu," alisema. "Nitajie mtu."

"Mzee Emanueli wa Ihanda."

Sura ya mzee ikatokea. Koti lake lilikuwa la ibada, na midomo yake ilijitahidi kutocheka bila mafanikio.

Alhamisi asubuhi walianza. Bando lilikuwa la kutosha, nafasi ndani ya mashine ilikuwepo. Mwanaisha alichagua kubakiza mafaili na programu zote. Kompyuta ilipakua kwa saa tatu. Kisha ikajizima, ikajiwasha, ikaonyesha duara linalozunguka na asilimia. Kumi. Thelathini. Hamsini na nane.

"Hapa haiguswi wala kuzimwa," alisema Mwanaisha.

Ilipofika sitini na tatu, umeme ukakatika mtaa mzima.

Mwanaisha alitazama chaja, kisha akamtazama Ruti. "Betri inakaa muda gani?"

"Betri?" Ruti alishika mdomo. "Dakika kumi. Imekufa siku nyingi."

"Kosa ni langu," alisema Mwanaisha. "Hilo ndilo la kuuliza kabla ya yote. Ikizimika katikati inaweza isiwake tena."

Ruti aliikumbatia diski kifuani. Picha anazo. Lakini mashine ile ndiyo jembe lake, hana nyingine. Alitoka mlangoni akapiga kelele kwa jina la kwanza lililomjia: "Yahaya!"

Mbele ya duka, kwenye foleni ya kwenda mpakani, lilisimama lori la Yahaya. Dereva wake, Sufiani, alikuwa anachemsha chai kando ya tairi. Yahaya alikuja mbio. Alisikiliza maneno mawili tu.

"Sufiani! Invata ya kutolea umeme kwenye lori unayo?"

"Ile ninayochajia simu? Ipo, bosi."

Walivuta waya mrefu kutoka kwenye lori, juu ya mtaro, kupitia dirishani. Sufiani aliwasha injini. Taa ya chaja ikawaka. Betri ilikuwa imebaki asilimia nne.

Sabini na moja. Sabini na tano. Ruti alianza kupumua. Ndipo foleni ikasogea.

Foleni ya Tunduma inaweza kulala siku mbili bila kutikisika. Siku hiyo ikachagua saa hiyo hiyo. Lori la mbele likaondoka. Nyuma zikaanza honi, kisha matusi ya mataifa matatu.

"Bosi, nisogee?" aliuliza Sufiani.

"Usiguse gia!" Yahaya alisimama katikati ya barabara, mikono juu. "Kuna mgonjwa humu ndani!" aliwapigia kelele madereva.

"Mgonjwa gani?"

"Kompyuta ya Mama Rozi!"

Dereva mmoja Mzambia alishuka ili agombane. Alichungulia dirishani, akamwona Ruti amepiga magoti mbele ya kioo. Akaitambua steshenari anayotolea nakala ya pasi. Alirudi nyuma akawaambia wenzake kitu kwa Kibemba. Honi zikapungua, ingawa hazikuisha.

Themanini na nane. Tisini na sita. Kioo kikawa cheusi kabisa. Ruti alifumba macho. Hakuomba kwa maneno, alisema tu "Baba, Baba, Baba."

"Fumbua," alisema Mwanaisha.

Kompyuta ilikuwa imewaka. Vitufe vya chini ya kioo vilikuwa vimehamia katikati, rangi zilikuwa ngeni. Lakini folda ya picha ilikuwa pale pale. Mwanaisha alifungua mipangilio: Windows 11, halali, leseni ya kidijitali. Ile ile ya Nakonde.

Ruti alilia bila kujificha. Nje, Yahaya alichomoa waya, na lori likasogea mita ishirini, likasimama tena. Deus alikuwa mlangoni kwake akiangalia yote.

"Mwalimu," aliita baadaye, kwa sauti ya chini, "hiyo sehemu ya kuangalia leseni iko wapi? Unionyeshe na mimi."

Mwanaisha alimwonyesha. Kisha akamwambia Ruti atafute betri mpya, na kila Ijumaa jioni anakili picha za wiki kwenye diski. Diski isilale dukani. Ikalale nyumbani.

Ijumaa Marita alifika na kikapu cha parachichi. Ruti alimpa picha, kubwa, ndani ya fremu. Bibi aliishika kwa mikono miwili.

"Kumbe alikuwa anacheka," alisema. "Mimi nilikuwa nimeanza kumsahau akicheka."

Alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Kisha akasogea mwenyewe hadi kwenye kitambaa cha bluu, akakaa kwenye stuli, akainua kidevu.

"Nipige na mimi, mwanangu."

"Ya kitambulisho, mama?"

"Hapana. Ya watoto wangu. Siku wakija kukuuliza."

Ruti alishika kamera. Safari hii hakumwambia asicheke. Jioni ile, kabla ya kufunga duka, aliiweka picha ya Marita ndani ya kompyuta, karibu na ya mumewe. Kisha akaiweka kwenye diski, akaifunga diski kwenye kitenge, akaenda nayo nyumbani.