Dakika Nne za Udongo

Pengo la Gikunda, mchumba wa Winfred, lilianza Alhamisi, kule Ishiara, jeneza la Mama Ruguru likiwa limeshateremshwa. Katika ukoo ule, mwanamume anayetaka kumwoa binti wa marehemu hupokea sepetu kutoka kwa kifungua mimba, akatupa udongo watu wakiona. Ireri, kifungua mimba, alinyoosha sepetu. Hakuna mkono uliokuja kuipokea. Akaishikilia hivyo mpaka kina mama wakamaliza ubeti mzima, kisha akaanza kufukia mwenyewe. Winfred, dada yake, aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Jioni Gikunda alipiga simu kutoka Muthara, alikokuwa akiigiza filamu.

"Mpenzi, ndio naona ujumbe wa Ireri sasa hivi. Kumbe mazishi yameletwa mbele? Huku hakuna network tangu jana. Winnie? Babe?"

Winfred alikata. Hakupokea tena simu za Gikunda.

Miezi kumi ikapita. Siku moja ya soko, duka la fotokopi karibu na stendi ya Embu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Gikunda aliingia na koti lake jeusi, akainua simu juu ya vichwa vya watu.

"Samahani, naomba kuprintiwa barua ya mwaliko wa kupokea tuzo."

Aliyegeuka nyuma ya kaunta, sweta la kijani, nywele mistari, alikuwa Winfred. Gikunda alimpa simu, naye akaanza kuprinti. Maxine, mfanyakazi mwenzake, akawaokoa bila kujua.

"Si huyu ni yule wa kaburi kwenye filamu! Wewe, dakika nne tu na umemfunika stelingi!"

"Dakika nne ni kazi hiyo?" Mzee Nyaga alisema kutoka kwenye foleni, vyeti vya shamba mkononi. "Stelingi amekimbia filamu nzima, amepigwa, ameanguka mtoni. Huyu ametupa udongo tu, halafu tuzo ni yake?"

"Mzee, hukuona alivyopiga magoti? Akaugusa udongo kwa mgongo wa mkono, polepole, kama anamlaza mtoto. Nililia mpaka kope zikatoka."

"Za kubandika hizo," mzee akasema, na duka zima likacheka.

Winfred hakucheka. Alikuwa ameitazama filamu ile mara tatu. Mama yake alipanda ndengu hivyo hivyo: akishafukia mbegu, anagongagonga udongo kwa mgongo wa mkono, mara tatu. Na koti lile alilonalo Gikunda kwenye filamu, Winfred ndiye aliyemnunulia, alivae mazishini.

"Winnie, amua wewe," Maxine alisema. "Anastahili ama hastahili?"

"Kuna kitu sijakijua bado." Akachukua barua kwenye mashine, ingali na joto. "Gikunda, toka nje kidogo."

Walisimama kando ya mama mmoja aliyekuwa akipanga maparachichi kwenye gunia.

"Siku ile, ukifukia lile shimo la filamu, ulikuwa umeshajua kwamba sisi tunazika?"

Gikunda alitazama barua. Akisema hakujua, basi yale machozi ni ufundi, na tuzo ni haki yake. Labda hata angesamehewa. Mtandao hupotea kila siku.

"Nilijua," alisema. "Ujumbe wa Ireri niliuona Jumatano. Mwelekezi akasema nikitoka, nafasi anapewa mwingine."



"Mle kwenye jeneza la filamu kulikuwa na mawe," Gikunda aliendelea. "Nimeyapakia mimi mwenyewe. Lakini nilipoanza kutupa udongo, nilikuwa namzika mama."

"Kwa hivyo hukuigiza."

"Hata kidogo."

"Uliigiza kwenye simu." Alimsukumia barua yake. "'Huku hakuna network.' Hiyo ndiyo ungepewa tuzo, Gikunda. Nilikuamini karibu mwaka mzima. Nilijikasirikia kwa kukukatia simu!"

"Nikikataa kwenda kuichukua?"

"Usinichezee filamu nyingine hapa."

Akarudi ndani. Maxine alipomuuliza tena, alisema, "Mzee Nyaga amesema kweli," akawasha mashine.

Mvua kubwa ilinyesha wiki ile. Jumatano, simu ya Gikunda ililia.

"Kaburi limetitia," Winfred alisema. Hakusalimu. "Upande wa kichwa. Tunaongeza udongo Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo..."

"Najua. Si ni mimi nimeprinti barua?"



"Saa ngapi, Winnie?"

"Saa nne asubuhi. Na usiniahidi. Ukiniahidi nitakata."

Hakuahidi.

Tuzo zinatolewa Nairobi, mwendo wa saa kama nne kutoka Ishiara, Jumamosi saa nane mchana. Ireri ana sepetu yake. Winfred ameazima nyingine kwa jirani, na si ya kutumia yeye.