Aliyefunikwa na Rangi

Miye hapana mutu wa kuongezewa kazi. Hapa Bunia batu yote balijua: saa kumi na mbili ya jioni, Donatien anazima mashine ya radio, ile ya kupiga picha ya mifupa ndani ya mwili; mufupa yako ingoje kesho.

Jioni ile ya 1978 Mama Kaswera akaingia bila hodi. Alileta picha kubwa mu kitenge: sura ya bwana yake Marcellin, mwenye alichorwa wakati alirudi toka ku mashimo ya zahabu ya Nizi, akakufa nyuma ya juma mbili.

"Papa Donatien, mutoto wangu Adeline anakufa," akanong'ona. "Hakuli. Anakaa tu mbele ya picha hii, anasema nayo. Niangalilie ndani. Kama iko kitu, nachoma. Kama hakuna, naacha."

"Weye mama! Mashine hii ni ya mifupa!"

Akalia. Machozi inanishindaka, Mungu anisamehe. Nikatandika picha yulu ya filme, nikapunguza nguvu, kama kwa mukono ya mutoto muchanga.

Tik.

Mu chumba ya giza, harufu ya dawa ikanikamata koo. Chini ya taa nyekundu, filme ikaanza kuamuka mu maji... Kipaji ya uso ya Marcellin. Mabega yake...

Macho ine.

Mu kifua yake mutoto mwanamuke alisimama. Rangi nyeupe ya chini ilionyesha kila ushanga ya shingo.

"Ni ushanga ya Adeline," Kaswera akasema.

"Baba yake alimumeza," nikajibu. Miye mujinga!

Tulichoma picha nyuma ya jikoni. Ilinuka nywele.

Asubui nikaenda kugombeza Evariste, muchoraji ya picha ile.

"Marcellin mwenyewe aliniomba," akasema. "Kitu ilimufuata toka Nizi, inataka mutoto. Nichore Adeline kwanza, halafu yeye yulu, amufunike. Kitu ikija, ikute yeye peke yake." Akaniangalia. "Picha iko wapi?"

Nilikimbia mpaka kwa Kaswera. Ee Mungu wangu... Adeline alikaa ku kitanda, anakula bugali! Mama yake alikuwa anacheka.

"Unaona, Papa Donatien? Amepona!"

Adeline akaacha kula. Akavuta bulangeti mpaka ku macho, akaangalia mulango nyuma yangu.

"Mama," akanong'ona, "nani alinifunua? Sasa ile kitu inaniona."